Kidole Gumba

Mchwa wa Isevya hawajui kusoma,
ila albamu yetu waliisoma yote,
wakaacha jalada na vile vipembe vyeusi
vya kubania picha, vinne vinne, vimebana hewa.

Mama alikuwa humo. Mwaka sabini na nne,
studio ya Bwana Jetha, njia ya stesheni,
mkono juu ya kiti alichokatazwa kukikalia,
nyuma yake ziwa la kuchorwa na swala wa kuchorwa
anayekunywa maji yasiyopungua.
Saa ya kuazima. Viatu vya kuazima.
Meno akaambiwa ayafiche.
Picha ilimla nusu debe la asali,
ikaning'inia kambani siku mbili ikichuruzika,
akaifuata Jumatatu kwa miguu,
akaandika nyuma kwa penseli:
Kalunde binti Nzigula. Nitunzeni.

Siku hizi picha haianikwi, maana hailowani.
Simuni nilikuwa nazo elfu nne na ushei:
risiti za luku, sare za harusi ya watu,
mbuzi wa jirani mara kumi na moja,
mguu wangu mwenyewe, sijui wa nini,
na Mama, wiki zile za Kitete,
akikataa uji, akiuliza kama mvua imefika Sikonge.
Nilisema zipo.
Kwa kuwa zipo, sikuzitazama.

Ikatumbukia kwenye ndoo ya kufulia.
Hamduni wa sokoni akaizika kwenye mchele siku tatu.
Mchele tuliupika. Simu haikuamka.
"Memori imekufa, shangazi,"
kwa sauti ya mtu anayetangaza treni imechelewa.
Nikamuuliza, inazikwa wapi?
Hakucheka. Nami sikuwa natania.

Karatasi angalau huugua.
Huanza kufifia rangi, pembe zikajikunja,
uso ukawa na madoa kama ndizi,
na wewe unapita kila siku unaona, unasema
nitaihamisha ukutani, jua linaipiga.
Simu hukatika kama umeme,
na kijiko kiko njiani kwenda mdomoni.

Halafu Nyamizi akanitumia kutoka Urambo,
bila salamu, saa nne usiku: Mama.
Picha ya picha. Imepita simu tatu
na kila iliyoipitisha imechota kidogo,
kama asali inayopita mikononi.
Swala amebaki ukungu. Saa haisomeki.
Mwanga wa kamera umempiga Mama kwenye paji.
Ule upande wa nyuma hakuna aliyeupiga.

Na pembeni, kushoto, chini,
kidole gumba.
Ukucha umepasuka katikati,
ngozi ina ule weusi wa kufunga tumbaku
usiotoka kwa sabuni wala kwa ndimu.

Lugusha.
Wewe uliyekimbia kila kamera,
"mimi ndiye napiga, jipangeni,"
hata siku ya kukuzika tulibeba
ile ya kadi ya kura, umefumba macho.
Kumbe ulikuwemo.

Kijana wa kuchapisha akaivuta kwenye kioo.
"Hapa nikikata, kidole kinatoka.
Na huu mwanga naufuta. Dakika mbili tu, mama."
Nikamwambia ole wako.
Nikalipia nne: ya Nyamizi, ya ukutani,
ya bati la biskuti pamoja na vyeti na mwarobaini mkavu,
ya nne sijajua, lakini mchwa nawajua.
Na ile ya simuni nimeituma kwa wajukuu wote,
hata yule asiyejibu.

Jioni nikachonga penseli kwa kisu,
nikaandika nyuma ya ile ya bati:
Kalunde binti Nzigula.
Aliyemshika ni mwanawe, Lugusha.
Nitunzeni,
na neno hili nililikandamiza mno,
likatokeza upande wa pili,
kwenye viatu vya kuazima.